Karanga Chini ya Mabati

Jumatatu, 3 Februari

Chupa tano za barafu leo. Mbili hazikuganda vizuri. Jirani yetu Mama Hawa, anayenigandishia, anasema stima ilipotea asubuhi na friji yake imelegea. Nimezifunga matambara, moja kwa kila chumba, ile kubwa kwa Karanga, jike langu. Huiegemea ubavu mzima, kama mzee aliyeegemea ukuta.

Saa saba magunia yanayofunika banda yalikuwa yamekauka tena. Nimeyalowesha. Pande mbili tu. Pande mbili lazima ziachwe wazi upepo upite. Ukifunika zote unawapika kwa mvuke. Hilo nililijua mwaka juzi, kwa kuzika watoto wanne wa sungura.

Maji ya mto ni mazito siku hizi. Nayaacha kwenye ndoo mpaka tope lishuke, ndipo nawapa. Matembele nayaosha na kuwapa yakiwa bado na maji. Jua likizama kidogo nawapa tena. Mchana hawali.

Sungura saba. Wawili wa kwanza nilipewa na klabu ya wakulima shuleni, kidato cha pili. Shule imekwisha. Matokeo yametoka. C. Hakuna aliyenikaripia. Hakuna aliyesema lolote.

Hapa kijijini naitwa Sidi wa Sungura. Sipendi kuongea na watu. Lakini jina hilo nalipenda. Ni kama kuitwa bila kulazimika kuitika.

Jumatano, 5 Februari

Nimefanya uzembe. Nilikuwa nabadilisha maji, mlango wa Waziri ukabaki wazi. Dume hilo likaingia kwa Karanga. Nilichelewa kulishika.

Mimba ya sungura ni siku thelathini na moja. Atazaa tarehe nane Machi. Hapo ndipo joto huwa kali kuliko siku zote, mvua hakuna. Ningesubiri Mei. Sasa ni kumlinda tu.

Alhamisi, 6 Februari

Dama amekuja. Ni binti wa Baba Mdogo wa Kilifi. Tuko rika moja, naye amemaliza shule. Ana B. Atakaa nasi mpaka chuo kifunguliwe.

Amepewa upande wa ukutani wa kitanda changu.

Jioni alikuwa jikoni na Mama. Sijui alimwambia nini. Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Mama hajawahi kucheka hivyo na mimi. Mimi na Mama hunyamaza pamoja. Nilidhani tunapenda kunyamaza.

Jumapili, 9 Februari

Jumapili yake ya kwanza na tayari yumo kwenye kwaya. Mimi nina miaka kumi na minane kanisani humo na hukaa karibu na mlango.

Si hilo linaloniuma. Tuliporudi alifungua mlango wa Karanga bila kuniuliza. Nikasema moyoni, atamparura. Karanga alimnusa, akaingiza kichwa chini ya kiganja chake, akafumba macho.

Nilihangaika miezi minane ndipo Karanga akakubali nimshike. Mimi huniruhusu. Kwa Dama aliomba mwenyewe.

Namwonea wivu. Naandika hivi hivi.

Jumatano, 12 Februari

Afisa wa mifugo alipita na pikipiki. Aliuliza sungura hawa wanastahimilije joto hili. Nilifungua mdomo. Dama alijibu. Magunia pande mbili, chupa za barafu, kupangusa masikio kwa kitambaa kibichi, kutomtosa sungura kwenye maji kwani atakufa kwa mshtuko. Yote sahihi. Yote nilimfundisha mimi juzi.

Afisa aliandika jina lake kwenye daftari. Dama alinigeukia akitabasamu, kama tumeshinda wote wawili.

Jumamosi, 15 Februari

Baba alitangaza wakati wa kula. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dama naye awe na sungura wake. Sidi, mgawie watatu. Achague mwenyewe."

Hawe akasema, "Ukimpa jembe mgeni usimpe lile lenye mpini wa mwenyewe." Hawe ni bibi yetu, mama yake Baba. Baba alicheka tu.

Dama alichagua Karanga. Kisha Mchele, yule jike mweupe. Kisha kijidume kidogo.

Nilisema, "Sawa."

Ndilo neno pekee nililosema leo kutwa.

Jumanne, 18 Februari

Kanisa limeezekwa upya. Mabati ya zamani yamegawiwa waumini. Baba amepata manne, yameletwa kwa mkokoteni wa punda. Amesema ndiyo paa la sungura wa Dama.

Banda langu nimeliezeka makuti, liko chini ya mkwaju. La Dama litakuwa kando ya barabara, wapita njia walione. Pale hakuna mti. Kuna jua tu na vumbi la pikipiki.

Najua mabati yatafanya nini. Mtu yeyote aliyelala mchana chini ya mabati upande huu wa Garsen anajua, lakini watu hawafikirii sungura. Watu hufikiria maendeleo. Makuti yana mchwa na nyoka, mabati ni ya mtu aliyepiga hatua.

Nilimfuata Baba. Nilikuwa nimepanga maneno. Mchungaji naye alikuwa hapo. Baba akayapiga mabati kofi. "Haya yamesikia mahubiri miaka ishirini! Yameokoka kuliko sisi." Mchungaji akacheka mpaka akashika tumbo. Nani atakataa mabati yaliyookoka? Nikarudi nyuma.

Nilijiambia ni aibu. Mimi ni mtu wa aibu, kila mtu anajua.

Ijumaa, 21 Februari

Limekwisha. Nguzo za mti wa mathenge, mabati juu, mbao pande tatu kwa sababu ya nguchiro. Mbele wavu. Mchungaji ameliombea. Watoto wote wa kijiji walikuwepo.

Hawe alilizunguka na fimbo yake. "Mimi tangu nizaliwe sijalala chini ya mabati. Nyinyi sungura, mna nafasi ya mtu mmoja?"

Watu walicheka. Mama Hawa alikuja na kanga mpya, akasema sungura wa Dama wana nyumba kuliko watu.

Sungura wa Dama.

Karanga alisimama kwenye wavu akinitazama. Au alikuwa anatazama tu.

Jumanne, 25 Februari

Saa saba nimegusa yale mabati kwa makusudi. Nimeungua vidole viwili.

Tunagawana chupa za barafu. Tatu kwangu, tatu kwake. Zake zinayeyuka kabla sijamaliza kulowesha magunia yangu.

Dama aliniuliza. Alikuja hadi kwenye mkwaju, jasho likimtoka, akachuchumaa karibu nami. "Dada, wako wanahema hivi? Wangu mbavu zinakwenda mbio kama cherehani."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Hakuna Baba. Hakuna mchungaji. Tulikuwa wawili tu.

Nikasema, "Watazoea."

Akasema asante.

Jumatano, 26 Februari

Watazoea. Neno hilo halinitoki. Nimefua, nimetwanga, nimelisikia kwenye kinu.

Si aibu. Aibu hunyamaza. Mimi nilisema.

Nataka banda lake lishindwe. Nataka aje aniambie Sidi, chukua Karanga wako, mimi siwezi. Nataka Baba aone. Sitaki Karanga aumie. Nataka yote mawili na hayawezekani pamoja.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani imeanza. Nilikwenda kwa Mama Hawa na chupa sita tupu. Yeye ni mtu wa Kipini na husema na kila mtu kama mwanawe. "Mwanangu, barafu mwezi huu ni ya futari. Nikikupa wewe ya sungura, nitamwambia nini mtu aliyefunga na jua hili?"

Ni haki yake. Nimerudi na chupa tupu.

Wangu wana mkwaju. Nimechimba chini ya banda, nimemwaga maji kwenye mchanga, hewa inapanda baridi kidogo. Watavumilia.

Dama amefunika mabati kwa gunia bichi. Limekauka kabla hajashuka kwenye ngazi.

Jumanne, 4 Machi

Karanga amekuwa mzito. Analala amejinyoosha, miguu nyuma. Bado siku nne. Dama humpepea kwa ungo. Amekaa hapo mchana kutwa, shingo imemuungua.

Mama alimpelekea maji ya ndimu. Kisha akanitazama mimi kivulini, akasema, "Na wewe Sidi, mwenzio anaangamia pale."

Mama hajui lolote na ameniona kabisa.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Dama alikwenda Garsen kujaza fomu za chuo kwenye saiba, duka la intaneti. Mama na Baba walikuwa shambani. Hawe amelala. Kabla ya kupanda pikipiki Dama aliniambia, "Dada, niangalizie. Wewe ndiye unayewajua."

Nilikaa chini ya mkwaju na karai la kunde. Nilikuwa napukuchua. Kutoka pale naliona banda lake vizuri.

Saa saba hivi nikamwona Mchele amefungua mdomo.

Sungura hapumui kwa mdomo. Akiufungua amefika ukingoni. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Sikuinuka. Nilichukua kunde nyingine, na nyingine. Nilisema nimalize hizi zilizoko mkononi. Kisha nimalize zile za juu. Nilimaliza karai zima. Sikuwaza kitu. Huo ndio ukweli. Nilikuwa kama mtu anayengojea chungu kichemke.

Ndipo nikainuka.

Mchele alikuwa amekufa. Bado laini. Moto kama mkate uliotoka sasa hivi. Kijidume kilikuwa kimejibanza pembeni kinahema. Karanga amelala ubavu, tumbo limepanda juu, masikio ya moto huwezi kuyashika. Alinitazama kwa jicho moja.

Nilikimbia naye mkwajuni, nikarudi kwa kijidume. Maji ya madumu yote yalikuwa ya moto, madumu yalishinda juani. Ndoo ya kutulia tope, tupu. Kitu pekee cha baridi hapa nyumbani ni mtungi wa Hawe.

Mtungi huo umekaa kwenye kona ya chumba chake, juu ya mchanga mbichi. Ni mkubwa, mdomo wake unapitisha sufuria. Alikuja nao walipohamia huku Tana kutoka upande wa kusini, yeye akiwa bibi arusi. Hapa kwetu mtungi wa mwanamke haulazwi akiwa hai. Mama mkwe wake alipokufa, mtungi wake ulilazwa mlangoni, na watu waliokuja walijua kabla ya kuambiwa. Sisi wajukuu tulichapwa kwa kuuegemea tu.

Niliubeba. Sijui nguvu nilitoa wapi. Maji yake nililowesha kitambaa, nikampangusa Karanga masikio, polepole, nje na ndani. Kijidume nacho. Mengine nilimwaga kwenye mchanga chini ya mkwaju. Nikaulaza mtungi. Nikamwingiza Karanga ndani.

Niliposimama Hawe alikuwa nyuma yangu na fimbo. Alitazama mtungi wake chini. Alitazama kwa muda.

"Sidi," akasema. "Mimi nimekufa saa ngapi?"

Nililia kama mtoto. Nilipiga magoti, nilidhani fimbo inakuja.

Hakunipiga. Aliinama akachungulia ndani ya mtungi. Karanga alikuwa anapumua. Hawe akaketi kwenye mzizi, goti lake likalia. "Lowesha na nje," akasema. "Mtungi hupoa kwa kutoka jasho, kama mtu. Haya, usinililie, niko hai."

Tulilowesha mpaka jua likapungua.

Ijumaa, 7 Machi

Jana jioni Dama alirudi. Alimlilia Mchele. Kisha akanikumbatia mbele ya wote. Alisema kama si mimi, Karanga naye angekwenda. Baba akasema, "Huyu ndiye Sidi wa Sungura." Mama alinishika bega.

Nimelingojea neno hilo mwezi mzima. Lilikuwa kama kulishwa mchanga.

Leo asubuhi nilimfuata Dama mtoni. Watu wa kuteka maji walipoondoka nilimwambia. Mabati. Watazoea. Karai la kunde. Sikupunguza. Nilisema nikitazama dumu.

Akauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mabati yaliposhuka kwenye mkokoteni."

Alifunga kifuniko cha dumu lake. Kisha akasema, "Mimi nilidhani wewe ni mpole."

Alijitwika dumu akaenda.

Baba nilimwambia mwenyewe pia. Habari ya mabati na habari ya kunde. Alikuwa ananoa panga. Aliacha kunoa. Alisema neno moja tu. "Ungesema."

Mchana alipanda akayang'oa mabati, yote manne. Nilimshikia ngazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimwandalia Karanga sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Amelikataa. Alfajiri amenyonyoa manyoya ya kifuani mwake na kuyapeleka ndani ya mtungi kwa mdomo, fungu baada ya fungu.

Amezaa sita. Wawili walizaliwa wamekufa. Wanne wako hai, kila mmoja kama kidole gumba.

Wawili wale ni mzigo wangu. Najua. Nimewazika karibu na Mchele.

Mtungi sasa hauwezi kuondolewa wiki tatu. Nimekwenda kumwambia Hawe. Akasema, "Basi nitakuwa maiti wa wiki tatu. Mniletee maji huku kaburini."

Anakunywa ya dumu. Kila funda anasema yana harufu ya plastiki.

Jumanne, 11 Machi

Dama hasemi nami. Anasalimia, basi. Usiku anageukia ukutani. Hakumwambia Mama, nimemwambia mimi. Mama hakupaza sauti. Alisema nimchagulie mchele. Tulichagua pamoja, tukinyamaza, na ukimya ule haukuwa ule wa zamani.

Leo Dama alimchekesha Mama tena jikoni. Wivu ulinipanda pale pale, kama haukuwahi kutoka. Nilidhani ukikiri unakwisha. Haukwishi.

Mgeni mmoja alikuja kwa Hawe, akaona mtungi umelala chini ya mkwaju, akaanza kufunga kanga kiunoni ili alie. Hawe akampigia kelele kutoka ndani. "Nyamaza wewe! Ni sungura amejifungua!"

Dama alicheka. Mimi pia. Tulitazamana, kisha tukaacha.

Alhamisi, 13 Machi

Dama amehamisha nguzo zake za mathenge. Anajenga upya, mkwajuni, upande wa pili wa shina. Hakuniomba msaada. Nilimpa misumari iliyonyooshwa. Aliipokea.

Saa sita aliniuliza makuti yanafungwa vipi. Nilimwonyesha. Nilimwambia kila kitu, hata kile ambacho hakuuliza. Acha uwazi chini ya paa, kipimo cha kiganja. Mlango utazame upepo wa kutoka mtoni. Sauti yangu ilikauka kwa kuongea.

Akasema, "Kumbe una maneno."

Jumapili, 16 Machi

Joto lile lile. Wingu moja tu, halikushuka.

Watoto wa Karanga wameota manyoya. Watatu rangi ya karanga, mmoja mweupe kabisa. Hakuna aliyempa jina.

Baada ya kanisa tulilowesha magunia, Dama upande wake, mimi wangu. Mama mmoja mpita njia alisimama kwenye jua akachungulia. Akauliza sungura hawa kwenye mtungi ni wa nani. Dama aliendelea kukamua gunia lake. Alikuwa ananiachia mimi.

Nikasema, "Ni wa Dama."

Nilisema kwa sauti. Yule mama alisikia, akasema Mungu awabariki, akaenda.

Karanga alitoka mtungini. Alinipita. Akaenda kuingiza kichwa chini ya kiganja cha Dama, akafumba macho.

Iliniuma. Nilichota maji nikalowesha gunia la kwake pia. Pande mbili. Mbili nikaziacha wazi.